Nukta Tatu za Chebet

Ninyi mnaosomea ualimu wa sayansi, na ninyi mlioajiriwa majuzi mkapewa funguo za maabara, njooni mkae na mzee mwenye hasira. Mkinikuta kwenye harusi mimi ni mtu wa mizaha, ulizeni yeyote. Leo mizaha itakuwa haba. Nilifundisha fizikia kati ya Bungoma na Kitale hadi mvi zikanijaa kichwani, na katika miaka yote hiyo kuna msichana mmoja aliyeitwa mdanganyifu mbele ya ukumbi mzima kwa sababu yangu. Jina lake Chebet, mtoto wa kule Cheptais, Mlima Elgon. Sijawahi kulinyoosha jambo lile, na ndilo ninalotaka kulinyoosha hapa.

Nianze na barafu, maana hapo ndipo nilipoaibika kwanza.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, katika shule ya wasichana kando ya barabara itokayo Bungoma kwenda Kitale. Fizikia ya Form Three ilikuwa na wasichana sita tu. Mwalimu mkuu wetu aliamini fizikia ni ya wavulana, na hakulificha jambo hilo. Kila Jumatatu aliingia maabara, akazitazama zile benchi ndefu kama mtu anayepima shamba la jirani. "Barasa," ananiambia, "hao sita wanakalia chumba kizima. Upishi una wasichana arobaini wanabanana kule nyuma. Nipe sababu." Nikampa sababu: mashindano ya sayansi ya Bungoma. Akacheka. Akasema, "Sawa. Mkirudi na zawadi yoyote, hata cheti cha mwisho, fizikia ibaki. Mkirudi mikono mitupu, benchi zinaenda upishi." Hayo ndiyo yaliyokuwa mezani, msisahau nikiendelea. Ilikuwa elimu ya wasichana sita.

Mada ilitoka kwa Chebet. Jioni moja baada ya chakula niliwatoa nje na darubini ya mikono niliyoazima kwa askari wa msitu. Niliiegemeza kwenye nguzo ya ua, kila mmoja akachungulia Mshtarii, ambayo darasani tuliiita Jupita. Kando yake kulikuwa na vidoadoa vinne vimepanga mstari.

"Hiyo ni miezi yake," nikasema.

"Na hiyo mwangaza zinatoa wapi, Mwalimu?" Chebet akauliza. "Ziko na moto?"

"Hazina moto. Zinarudisha mwanga wa jua. Mitatu kati ya hiyo minne imefunikwa barafu, ndiyo maana inang'aa."

"Barafu kama ile ya kiwanda ya maziwa?"

"Ile ile."

Akachungulia tena, kisha akasema, "Basi si tupime."

Mnaona? Si mimi niliyesema tupime.

Barafu ilipatikana Kitale, kwa rafiki yangu aliyefanya kazi kwenye chumba cha baridi. Nilifunga bonge lake ndani ya gunia lenye vumbi la mbao na kulipandisha kwenye lori la mahindi. Kifaa cha kupimia nacho kilitoka Kitale, kwa Simiyu mpiga picha. Alikuwa na mita ya mwanga, kidude cha kutosha kiganjani chenye kioo kidogo na sindano. Ukikielekeza kwenye kitu kinachorudisha mwanga mwingi, sindano inapanda. Mwanga ukiwa haba, inalala. Simiyu alinipa akiwa amekishika kwa mikono miwili, akaniapisha kwa jina la mama yangu kwamba kitarudi kizima.

Nikawaita wasichana wote sita. Nikaweka bonge la barafu mezani, safi, unaweza kusoma gazeti upande wa pili. Nikawasha taa ya trekta iliyounganishwa na betri. Nikatoa hotuba ndefu kuhusu barafu inavyong'aa kama kioo. Nikaelekeza mita. Sindano ikagoma kama punda. Nikasogea, nikapiga mita kofi, nikabadilisha betri. Wapi! Nikaweka karatasi nyeupe ya daftari mahali pa barafu, sindano ikaruka. Daftari la shilingi chache lilikuwa limeishinda barafu yangu. Wasichana walicheka hadi mmoja akaketi sakafuni.

Mpishi wa shule, Mama Nafula, alikuwa amesimama mlangoni akingojea sufuria yake niliyobebea barafu. "Mwalimu," akasema, "hiyo kitu yako ni dirisha. Mwangaza inapita tu inaenda zake. Ponda!"

"Niponde?"

"Si chumvi ya mawe hujaona? Ikiwa bonge haina rangi. Saga uone vile inakuwa nyeupe."

Akaleta kinu na mchi, akaponda mwenyewe, maana alisema mikono ya walimu ni ya chaki. Barafu ikawa nyeupe kama unga. Sindano ilipanda hadi mwisho. Siri ni kwamba mwanga ukiingia kwenye punje nyingi ndogo unagonga huku, unagonga kule, unapotea njia na kurudi ulikotoka. Miezi ile haing'ai kwa kuwa laini kama kioo. Inang'aa kwa sababu barafu yake imepondeka na kupasukapasuka kwa muda mrefu sana. Mmoja wa miezi ile mitatu ya barafu, Kalisto, unang'aa kidogo kuliko mingine, maana barafu yake imechanganyika na uchafu. Mama Nafula alitupa kijiko kimoja cha masizi, tukachanganya, sindano ikaanguka zaidi ya nusu. Kijiko kimoja tu! Mkitaka kufundisha jambo hili, msinunue kifaa. Tafuteni kinu na mpishi.

Simiyu naye aliwahi kunifundisha kitu kwenye studio yake, na mimi nikakichukulia kuwa maneno ya mtu wa picha. Alikuwa anapiga picha ya bwana na bibi harusi nje, akawazungusha mara tatu. Nikamuuliza kwa nini anawasumbua.

"Mwalimu, jua ikikaa mgongoni kwangu kabisa, sura inakuwa bapa, inang'aa kama sahani. Kivuli yote inajificha nyuma ya pua. Bibi arusi akiona hiyo picha atanidai pesa yake, bana."

Nikacheka, nikaenda zangu. Shikeni maneno hayo ya kivuli kujificha. Nilikuwa nimeambiwa waziwazi na sikusikia.

Sasa kazi yenyewe. Bwalo la chakula tulilifanya giza kwa kutundika mablanketi kwenye madirisha mchana. Katikati tuliweka sinia ya barafu iliyopondwa. Chebet alichora nusu duara kwa chaki sakafuni, akaigawa kwa digrii. Taa ilikaa mahali pamoja, naye akasogea na mita akipima: pembe kati ya taa na mita ikianzia digrii sitini, hamsini, arobaini, akija karibu na taa kidogo kidogo. Alichora grafu. Mstari ulipanda taratibu na vizuri, kama ulivyochorwa kwenye kitabu nilichokuwa nacho. Tulifika digrii kumi. Kisha Ijumaa nikaitwa matangani nyumbani, nikamwachia Chebet kazi na kumwomba Mama Nafula amsaidie kushika taa.

Niliporudi Jumatatu, grafu ilikuwa na nukta tatu mpya: digrii tano, digrii tatu na digrii moja. Badala ya kuufuata mstari, zilikuwa zimerukia juu, kila moja juu ya mwenzake.

"Hii ni nini?" nikauliza.

"Ni vile ilikuwa, Mwalimu. Ukileta macho karibu na taa kabisa, inawaka ghafla. Nimepima mara tatu. Mama Nafula pia ameona."

"Mita imeharibika."

"Haijaharibika. Nimejaribu na mahindi, inafanya hivyo hivyo." Na hapo akaanza kunieleza, mikono ikicheza hewani. "Kwetu tunaanika mahindi kwa turubai. Mnunuzi akikuja anasimama akiangalia jua, anasema ati hii mahindi ni nyeusi, sitaki. Mama anamshika mkono, anamwambia kuja usimame huku. Akisimama huku jua iko mgongoni, mahindi ni nyeupe pe. Na ni ile ile! Kila punje iko na kivuli yake, Mwalimu. Jua ikiwa nyuma yako, kila kivuli inajificha nyuma ya punje. Hauoni hata moja."

Msichana wa miaka kumi na saba alinieleza jambo lenyewe, lote, kwa mahindi ya mama yake. Na mimi, mwenye cheti, mwenye tai, nikamjibu nini? "Chebet, mahindi ni mahindi. Hapa tunazungumza juu ya sayari."

Hadi leo nikilikumbuka jibu hilo nataka kuvunja kitu.

Nikampa raba. Nikamwambia afute nukta zile tatu, aendeleze mstari moja kwa moja hadi sifuri kama kitabuni. Akasimama na raba mkononi. Akasema, "Lakini tuliona." Nikasema, "Futa." Akafuta.

Niwaambie ukweli wa kwa nini. Sikufikiri sana kwamba amekosea. Niliogopa mwamuzi angeuliza nukta zile zimetoka wapi, na mimi sikuwa na jibu. Mwalimu asiyekuwa na jibu akaamua bora kusiwe na swali. Huo ni uoga, hauna jina lingine, na mimi nimeuona kwa walimu wengi baada yangu. Ndiyo maana ninawafokea ninyi ambao hamjanikosea.

Mashindano yalifanyika Bungoma, katika ukumbi mkubwa wenye feni moja isiyozunguka. Sheria ilikuwa kwamba mwanafunzi husimama peke yake mbele ya kazi yake, na walimu huketi kwenye viti nyuma ya waamuzi wasiseme neno. Mimi niliketi safu ya pili. Chebet alieleza vizuri mno. Alionyesha barafu ya dirisha na barafu ya kinu, akaweka masizi, watu wakapiga makofi. Niliona tuko mlangoni pa ushindi. Nilianza hata kufikiri nitakavyomtazama mwalimu mkuu Jumatatu.

Mwamuzi mkuu, mtu mrefu ambaye jina lake sitalitaja, alisogelea karatasi ya manila iliyobandikwa grafu. Akavaa miwani. Akaweka kidole pale chini ya digrii kumi.

"Hapa palikuwa na kitu?"

Raba haifuti kila kitu, vijana. Karatasi ilikuwa imechubuka mahali patatu.

"Palikuwa na nukta, bwana," Chebet akasema.

"Ziko wapi?"

"Zilifutwa."

"Nani alizifuta?"

Chebet akanitazama. Juu ya bega la mwamuzi, moja kwa moja, akanitazama. Hakuwa ananishtaki. Alikuwa ananingoja, kama mtu anavyongoja mwenziwe ashike upande wa pili wa mzigo. Ningeweza kusimama. Sheria ilisema nisiseme, lakini sheria haikuwa imenifunga kamba kitini. Mimi nikainua macho nikatazama ile feni isiyozunguka.

"Ni mimi," akasema Chebet.

Mwamuzi akawageukia watu. Hakumwita pembeni wala hakumuuliza nukta zilisema nini. Akasema kwa sauti ya kufika nje: "Hivi sivyo sayansi inavyofanywa. Binti huyu alipata matokeo asiyoyapenda, akayafuta ili apendeze. Huu ni udanganyifu." Akapiga mstari mwekundu juu ya karatasi yake ya alama. Ninamkasirikia mtu yule hata sasa, kwa sababu aliona kitu cha kweli, akakitumia kumwaibisha mtoto badala ya kuuliza swali moja zaidi. Lakini hasira yangu kwake huwa inaishia njiani, kwa sababu kila nikimfuata nakutana na mimi mwenyewe nimekaa safu ya pili.

Tulirudi mikono mitupu. Jumatatu mwalimu mkuu hakuhitaji hata kufoka. Benchi zilihamishwa wiki hiyo hiyo. Wasichana sita wakagawanywa, Chebet akapelekwa upishi, na nilimwona mara nyingi kupitia dirishani akikata vitunguu juu ya benchi zile zile za fizikia. Mama Nafula alikataa kusema nami muhula mzima. Alinipakulia chakula akitazama ukuta.

Nilihamishiwa Kitale mwanzoni mwa miaka ya tisini. Maktaba ya shule ile ilikuwa na sanduku la magazeti ya sayansi yaliyoachwa na mwalimu mgeni wa kujitolea. Mchana mmoja wa mvua, nikingoja mvua ya mawe ipungue, nikafungua moja. Makala ilikuwa ya miezi ya barafu, ile ya Jupita na ile ya Zohali, sayari yenye pete. Ilisema kwamba jua likikaa nyuma kabisa ya mtazamaji, miezi hiyo inawaka ghafla kuliko inavyotarajiwa. Sababu mojawapo, ikasema, ni kwamba kila punje ya barafu inaficha kivuli chake nyuma yake. Kulikuwa na grafu. Upande wa pembe ndogo, mstari ulikuwa umerukia juu.

Nilisoma nikiwa nimesimama. Kisha nikaelewa jambo lililo baya zaidi. Jupita iko mbali sana nje, na sisi tuko karibu na jua. Kwa hiyo kila tunapoitazama miezi yake, jua liko karibu mgongoni mwetu, pembe haizidi digrii kumi na mbili hivi. Zile digrii sitini, hamsini, arobaini tulizozisifia hazionekani kamwe kutoka hapa duniani. Nilikuwa nimemwambia mtoto afute karibu sehemu yote ya grafu yake iliyohusu miezi halisi. Nje mvua ya mawe ilikuwa imefunika uwanja wote, nyeupe, na mimi nilitoka nikasimama juu yake nikijitukana kwa Kibukusu.

Niliuliza habari za Chebet hadi nikaambiwa yuko mahali paitwapo Kwanza, karibu na Kitale, ana stoo ya mahindi. Nilimkuta asubuhi nje ya stoo, mwanamke mzima, leso kiunoni, akinunua mahindi ya mzee mmoja yaliyomwagwa kwenye turubai. Hakuyatazama kutoka mahali pamoja. Alisimama jua likiwa mgongoni, akazunguka, akasimama akilikabili jua, akachutama akashika punje, akazunguka tena.

"Mzee, iko sawa," akamwambia. "Imekauka." Kisha akaniona. "Mwalimu! Karibu. Habari ya siku mingi?"

Nikampa gazeti, nimeweka kidole kwenye ukurasa. Alilisoma polepole, akaitazama grafu muda mrefu.

"Nimekuja kukuambia ulikuwa sahihi," nikasema.

"Hiyo najua, Mwalimu. Si niliona na macho yangu? Hata bila hii gazeti najua." Akanirudishia. "Ile sijui ni kwa nini ulinyamaza."

Nilikuwa nimejitayarishia maneno mengi njiani. Nikatoa moja tu: "Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kuonekana sijui."

Akainama, akaanza kukunja pembe ya turubai. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza, maana hasira ningejua pa kuiweka.

"Mimi pia niliogopa, Mwalimu," akasema. "Lakini nilisema ni mimi."

Yule mzee wa mahindi alikuwa ametutazama wote wawili bila kuelewa. Chebet akamletea kiti, na mimi pia akaniletea kiti, akaniuliza kama nitakunywa chai. Nikamwomba aniambie nifanye nini. Akafikiri, akasema, "Waambie wale walikuwa kwa ile hall. Mimi usiniambie. Wao ndio walisikia."

Nilijaribu. Mwalimu mkuu alikuwa ameshazikwa. Mwamuzi alikuwa amestaafu, na hakuna aliyejua alikohamia. Wanafunzi waliopiga makofi siku ile wametawanyika hadi nchi nisizozijua. Simiyu alifunga studio. Mama Nafula ndiye peke yake niliyempata, naye alisema hakuhitaji kuambiwa, kwani yeye ndiye aliyeshika taa.

Basi nimebaki na ninyi. Andikeni mahali, na mkikutana na mtu aliyekuwa Bungoma siku ile mwambieni. Digrii tano, digrii tatu, digrii moja: nukta zote tatu zilikuwa sahihi. Chebet hakudanganya mtu. Raba ilikuwa mkononi mwake, lakini aliyesema "Futa" ni mimi, Barasa, na mwamuzi alipouliza ni nani, nilikuwa nimekaa safu ya pili, nikitazama feni.